Saini Yangu kwenye Fomu ya Mkaguzi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mkurugenzi Mkuu, wakuu wa idara mlioketi mbele, na mafundi mliosimama nyuma kwa sababu viti havikutosha, Bi Mkunga, uliyeomba ruhusa kazini ili uje kuketi nasi, shemeji yetu, pamoja na wanao, na wewe, dada, ambaye tumekusanyika hapa kwa ajili yako: nawaamkia nyote kwa heshima.

Nimepewa dakika kumi, na nimepewa ukurasa mmoja wa sifa ulioandaliwa na ofisi ya utumishi. Ukurasa huo nimeusoma. Unasema kwamba Mkaguzi Mkuu wetu anayestaafu leo ametumikia kiwanda hiki miaka ishirini na sita, tangu tulipokuwa tukitengeneza mota za pampu za maji. Kwamba hakuwahi kuchelewa. Kwamba aliheshimu vifaa na watu. Yote hayo ni kweli tupu. Lakini mtu anaweza kusifiwa kwa kweli tupu na bado asijulikane, kwa hiyo naomba radhi kwa ofisi ya utumishi: ukurasa wao nauweka mfukoni.

Sisi wa karakana hatumwiti Mkaguzi Mkuu. Tunamwita Mama Bado. Ukimpelekea kazi uliyoisumbukia wiki tatu, huinua miwani, huizungusha kazi mkononi, hukurudishia na kusema neno hilo moja, bila hasira na bila kuomba msamaha. Fundi wetu wa kuchomelea anadai kwamba hata siku ya harusi, alipoulizwa kama amekubali, alijibu hivyo hivyo. Shemeji, ukweli unao wewe, utatuambia tukishakula.

Sasa niseme nililokuja kusema.

Gari letu dogo mnalifahamu. Mota ya kilowati ishirini na nane, gia moja tu, betri iliyolazwa chini ya viti, kilomita mia na hamsini kwa chaji moja. Kati ya betri na mota kuna kisanduku cha alumini, kikubwa kama kamusi nene, kinachogeuza umeme wa betri uwe umeme wa kuzungusha mota. Kisanduku hicho kikigoma, betri iliyojaa na mota yenye nguvu ni mizigo tu. Nilikisanifu mimi. Nilikipenda kama mtu anavyompenda mtoto wake wa kwanza, yaani bila kuona vizuri.

Miaka sita iliyopita tuliahidi kutoa magari kumi na mawili kwa wakunga wanaozungukia nyumba za mbali, kwenye vilima, ambako mama mjamzito hawezi kungoja. Tarehe ilikuwa imetangazwa. Wiki mbili kabla ya siku hiyo, Mama Bado alikuwa amelipandisha gari la majaribio kilimani mara thelathini na moja, na kila liliposhuka alilipitisha kwenye dimbwi la maji tulilolichimba nyuma ya kiwanda. Mara mbili kati ya hizo, lilizima katikati ya dimbwi. Likakaa nusu saa, kisha likawaka lenyewe, likaenda kana kwamba halikuwa na lolote.

Nilimwendea mezani kwake nikiwa na fomu ya kuyaruhusu magari yatoke, atie saini.

"Dada, mara mbili kati ya thelathini na moja. Na limewaka lenyewe."

"Nimeona limewaka," akasema. "Wewe umeona kwa nini lilizima?"

"Huenda ni dereva. Huenda ni waya wa kipimo."

"Huenda." Akanirudishia fomu. "Ugonjwa unaoondoka bila kujulikana jina lake, unaijua njia ya kurudi. Bado, kaka."

Kanuni zetu za wakati ule, Mheshimiwa Mwenyekiti, ziliruhusu mkuu wa usanifu, yaani mimi, kutia saini endapo mkaguzi hayupo. Watu wengi wanadhani mkaguzi alikuwa likizo, au mgonjwa, na kwa miaka sita nimewaacha wadhani hivyo. Hakuwa likizo. Nilisubiri aende kula. Hakuwepo kwa dakika arobaini, nami katika dakika hizo arobaini nikatia saini magari kumi na mawili.

Je, nilikuwa mtu mbaya? Nimejiuliza sana. Nilikuwa mtu mwenye haraka, aliyekuwa na hakika, na ambaye wageni wake walikuwa wamekwisha kualikwa. Naona hiyo inatosha.

Magari yakaondoka kwa makofi. Mvua zikaanza wiki ya tano. Siku moja, saa tisa alasiri, Bi Mkunga huyu mnayemwona hapa aliitwa kwa mama aliyeshikwa na uchungu ng'ambo ya kilima. Akapanda kilima chote vizuri. Upande wa pili, bondeni, barabara ilikuwa imejaa maji ya mvua. Akaingia kwenye maji polepole, kama tulivyomfundisha. Gari likazima. Alijaribu mara tano, kisha akachukua mkoba wake, akafunga viatu shingoni, akatembea kwa miguu muda wa saa moja na robo.

Alimwokoa mama. Mtoto alimkuta amekwisha kufa.

Yule mama nilikwenda kwake mwezi uliopita kumwomba ruhusa ya kulisema hili leo. Aliniruhusu. Alisema, "Liseme, lakini usiseme kwamba ilikuwa bahati mbaya." Basi sisemi hivyo. Daktari aliandika kwamba huenda mtoto asingeishi hata kama mkunga angewahi. Mimi ndiye niliyekuwa nikilipenda neno huenda, na nimelala nalo miaka sita.

Kesho yake asubuhi niliingia karakana nikiwa nimejiandaa kusikia maneno yote ninayostahili. Nilimkuta Mama Bado ameshafunga sanduku la vifaa. Akasema neno moja, "Twende."

Tulimkuta Bi Mkunga kwenye baraza ya kituo chake, hajalala. Mimi sikuweza kumtazama. Mama Bado alimpa pole, akaketi naye kwenye benchi lile lile. Kisha akamuuliza, "Mwanangu, kabla halijazima, lilifanya nini?"

"Halikufanya kitu, mama. Halikutetemeka, halikulia. Lilinyamaza tu, kama mtu aliyenuna."

"Na maji yalifika wapi?"

Bi Mkunga akainama, akaonyesha katikati ya muundi.

Tukashuka bondeni lilikokwama gari, tukalifungua hapo hapo barabarani. Ndani ya kifuniko cha kile kisanduku changu palikuwa na maji yasiyojaza hata kijiko. Na sasa niwaeleze, kwa kuwa kila fundi aliyeko hapa anapaswa kulijua hili kama anavyojua jina lake. Gari likipanda kilima, kisanduku hupata moto, na hewa iliyomo ndani hutanuka na kujipenyeza nje. Likitumbukia ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyobaki husinyaa, na kisanduku huvuta pumzi. Kikivuta pumzi kikiwa chini ya maji, huvuta maji, hata kama mpira wa kuzibia ni mzima. Mfumo wa usalama huona unyevu, hukata umeme ili kumlinda dereva. Baada ya nusu saa, joto likishakausha, gari huwaka. Kila kifaa kilifanya kazi yake sawasawa. Aliyekosea ni aliyeandika kwenye karatasi ya sifa kwamba kisanduku hiki hakipitishi maji, akakipima kikiwa baridi.

Njiani tukirudi, nilishindwa kuvumilia. Nikamuuliza, "Dada, mbona hunilaumu?"

Alikuwa akitazama nje ya dirisha. "Nikikulaumu utaanza kujitetea," akasema. "Nataka ufikiri."

Magari yote kumi na mawili tuliyarudisha kiwandani wiki ile. Tulikipa kisanduku kipumulio, tukalipandisha bomba lake juu hadi karibu na kioo cha mbele, tukabadilisha mpira, tukahamisha viungo vya nyaya. Kisha Mama Bado akakichemsha na kukitumbukiza kwenye maji baridi mara mia nne, kwa miezi kumi na mmoja, na kila mara akakifungua mwenyewe kwa mkono wake na kupitisha karatasi nyeupe ndani kutafuta unyevu. Mara ya mia nne alitia saini. Alikwenda kunawa mikono.

Leo yako magari mia moja na tisini barabarani. Katika miaka mitano hakuna hata moja lililosimama kwa sababu ya kisanduku kile. Lililokwenda mbali zaidi limefikisha kilomita laki moja na elfu arobaini, na dereva wake ni Bi Mkunga, ambaye alikubali kuketi tena nyuma ya usukani wetu wakati mimi mwenyewe nisingethubutu kumwomba. Mama Bado ndiye aliyemwomba. Walizungumza nini, hawajaniambia, na sijauliza.

Ile fomu yenye saini yangu nilitaka kuichana. Alinizuia mkono. "Iache kwenye faili," akasema, "wanaokuja baada yetu waione." Ndipo kanuni ikabadilishwa, na tangu siku ile hakuna mtu katika kiwanda hiki anayeweza kutia saini mahali pa mkaguzi, awe mkuu wa idara, awe mkurugenzi, awe nani.

Dada, hukuwahi kunidai neno la samahani. Nalisema leo mbele ya mumeo na wanao, mbele ya mafundi uliowalea, mbele ya Bi Mkunga: nilikukosea, nikaikosea kazi, na kwa makosa hayo mama mmoja alizika mtoto. Ulinibakiza kazini kwa sababu ulitaka ajifunze yule aliyekosea. Nimejaribu kujifunza.

Nimalizie kwa taarifa, Mheshimiwa Mwenyekiti, ambayo nilipanga kukuletea kesho ofisini, mlango ukiwa umefungwa. Leo saa mbili asubuhi nilimpelekea mkaguzi mpya, yule binti aliyekaa mstari wa tatu, karatasi za gari letu jipya. Amezirudisha bila saini. Beringi inayoshika mhimili wa mota inaanza kutetemeka gari likifikisha kilomita elfu sitini, na hajui kwa nini, wala mimi sijui. Kwa hiyo uzinduzi tuliowatangazia watu kuwa ni mwezi ujao hautakuwa mwezi ujao. Nilimshukuru, nikachukua karatasi zangu, nikaja hapa.

Nawashukuru nyote kwa subira yenu na kwa kunitegea masikio.