Daftari la Wagonjwa

Ndani ya treni, fundi umeme alijifanya amelala, maana mama wa kwaya aliyeketi mbele yake alikuwa akigawa amani bila kuombwa. Aliyegawiwa ni muuguzi aliyetoka zamu miguu imemvimba, baada ya kutukanwa na wagonjwa kutwa nzima.

"Hasira zitakuzeesha, mwanangu," mama alisema. "Mimi tangu nimpokee Yesu nina amani tele. Jirani yangu alinimwagia maji machafu mlangoni. Unadhani nilimjibu?"

"Ulinyamaza, mama?"

"Nilimwandika." Akatoa kijidaftari mkobani. "Kila Jumapili napeleka majina, mchungaji anayasoma kwenye maombi ya wagonjwa."

"Kwani jirani anaumwa?"

"Bado."

Fundi akafumbua jicho moja. Amani gani hiyo, akajiuliza, inayohitaji daftari?

"Wifi yangu naye yumo, tena ukurasa mzima. Nikishaandika, nalala fofofo."

Muuguzi akasugua vifundo vya miguu. "Mimi nikiudhika naomba pia, mama. Lakini naomba moyo wangu ndio upone."

"Ndiyo maana huna amani," mama akamkata kauli.

Treni ikafunga breki kituoni. Fundi, aliyekwisha kusimama na mfuko wake wa vifaa, akapepesuka na kumkanyaga mama kidole gumba.

"Samahani sana, mama."

Mama hakufoka wala kukunja uso. Alimtazama kwa upole usio na kifani, akafungua ukurasa mpya.

"Wala usijali, baba. Unaitwa nani?"