Paspoti Chini ya Mto wa Bi Rahila

Bi Rahila binti Yaqdhan, tuliyemzika Alkhamisi, alizaliwa Unguja tarehe 9 Machi 1951, akakimbilia Uingereza na wazazi wake mwaka 1964. Alisomea sheria huko, na mwaka 1986 akachaguliwa diwani wa chama cha kiliberali mjini Leicester. Miaka ishirini na mbili alisimama kwenye milango ya balozi kuwatetea wafungwa, na watumishi wa ndani walionyang'anywa paspoti. Siku moja polisi walikuja kumwondoa, naye akawafunulia bakuli la katlesi. "Kuleni kwanza," akawaambia, "mpate nguvu za kunibeba." Wakala, wakambeba.

Aliolewa na mwalimu Sleyum mwaka 1979, hawakujaaliwa mtoto. Alipofiwa naye, mwaka 2017, alihamia huku Uarabuni, Mawaleh, kwa dada yake, Bi Khulood.

Ugomvi wao wengi mnaujua. Paspoti ya Nabaggala, binti wa Kiganda aliyetumikia nyumba ile, Bi Khulood aliifungia kabatini.

"Mpe mtoto wa watu paspoti yake, dada."

"Hayo ya huko kwenu Ulaya, Rahila. Hapa kwangu."

Siku tatu Bi Rahila hakuonja chakula cha nyumba ile. Ya nne Bi Khulood akamtupia paspoti mapajani: "Haya, mpe mwenyewe!"

Sote tukachukulia ameshampa.

Februari 2024 saratani ya mifupa ilimlaza. Nabaggala ndiye aliyemgeuza, akamwosha, akamlisha. Julai, mama yake Nabaggala akaugua kule Masaka.

"Mama, naomba paspoti. Wiki mbili tu, narudi."

"Ngoja kidogo, mwanangu. Ukenda wewe, nani atanigeuza?"

Aliomba mara nne. Bi Rahila alikuwa ameilalia, chini ya mto. Agosti yule mama wa Masaka akazikwa. Nabaggala akaliona kaburi kwenye simu, beseni la maji mkononi.

Tarehe 4 Novemba Bi Rahila alituita, akaitoa, akatusimulia yote kwa kinywa chake. "Mkisoma wasifu wangu msinipambe. Na hili mlisome." Akamgeukia binti: "Nisamehe, mwanangu."

Nabaggala akaipokea paspoti. "Inua mkono, mama," akasema, "nikubadilishe shuka."

Jumapili akapanda ndege. Tangu hapo kila simu ikilia Bi Rahila aliuliza, "Ni yeye?" Alifariki alfajiri ya tarehe 14, akiuliza.

Ameacha dada, Bi Khulood, na wapwa wawili, Aflah na Reem. Makaburini tulipowaomba mumsamehe, mliitikia kwa sauti moja, nasi tunakushukuruni. Mola ampumzishe. La Nabaggala tumemwachia Nabaggala.