Mzee Tayari, Mchapaji wa Matokeo ya Mchujo, Anatuaga

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mzee Tayari wa Idara ya Uchaguzi anastaafu kwa hiari baada ya kukitumikia Chama miaka thelathini na mmoja. Katibu wetu mpendwa amemsifu kwa utii na kumzawadia saa ya ukutani. Katibu huwa hasomi jarida hili kupita aya ya kwanza, kwa hiyo sasa tuendelee.

Hiari yenyewe Mzee Tayari alijulishwa Jumanne, kwa barua.

Alianza kazi akiwa mchapaji, chumba cha pili kutoka ngazini, chenye dirisha lisilofunga. Kazi yake ilikuwa kuchapa matokeo ya kura za mchujo, na kwa kuwa haraka haraka haina baraka, aliyachapa wiki nzima kabla ya wanachama kupiga kura. Katibu alileta majina na tarakimu, yeye akapanga mistari. Masanduku ya kura yalipofika yaliingizwa ofisini yakiwa yamefungwa, yakatufaa sana kama viti vya wageni. Hakuna mgombea aliyewahi kungojeshwa matokeo, ndiyo maana tukamwita Tayari.

Kuna mwaka alimpa mshindi kura 412 katika tawi lenye wanachama 300. Mwingine angefuta. Yeye alimweleza Katibu kwa adabu kwamba karatasi imeshapigwa mhuri, na jioni ile ile Chama kikaandikisha wanachama wapya 112. Mwaka mwingine alishinda marehemu. Kikao kilikaa saa tatu, kikampongeza, kisha kikampa onyo kwa kutohudhuria semina ya washindi. Karani wa masjala bado anatafuta anwani ya kupeleka barua hizo.

Mwaka huu mambo yakaingia nyumbani kwake. Binti yake wa pili, muuguzi wa zahanati, aligombea udiwani dhidi ya mkwe wa Katibu. Karatasi ilishachapwa: mkwe 611, muuguzi tisa. Siku mbili kabla ya kura, binti alimuuliza baba yake mezani amepata ngapi. Mzee hajui kusema uongo, akamwambia. Binti akaweka kijiko chini, akauliza ni nani hao watano waliomnyima, maana nyumba ile ina wapiga kura kumi na wanne. Mama yake akasema asitazamwe yeye. Mashemeji wawili wakaapa. Kufikia siku ya kura, nyumba nzima ilikuwa haisalimiani kwa sababu ya uchaguzi ambao ulikuwa haujafanyika.

Kura zilipoletwa, Mzee Tayari alifanya jambo ambalo idara yetu haikuwahi kulifanya. Alimwinua mgeni mmoja kutoka juu ya sanduku la kata yao, akalifungua kwa bisibisi, akaanza kuhesabu. Tulijazana mlangoni, na mhasibu akauliza kama jambo lile ni halali. Muuguzi alipata 388, mkwe saba. Mzee akayaandika kwa mkono, akayabandika kwenye ubao wa matangazo, kisha akaenda nyumbani kuwaomba radhi mashemeji.

Karatasi ilidumu dakika arobaini. Katibu aliibandua mwenyewe, akatangaza kwamba matokeo yalikuwa yamechakachuliwa na kura. Mkwe amepitishwa kwa zile 611, muuguzi amerudi kuchoma sindano, na baba yake akaandikiwa hiari. Roho inaniuma kuliandika hili katika ukurasa wa pongezi.

Mzee wangu, mimi ni mwanachama wa kata ile. Nimepiga kura za mchujo mara sita, na mara zote sita matokeo nilishayasoma, kwa kuwa mimi ndiye niliyeyasahihisha tahajia. Safari hii nilisimama mlangoni nikakuona ukiinua karatasi niliyoikunja mara nne, ukaikunjua taratibu, ukatamka jina nililolichagua, ukachora kijistari. Tunakushukuru sote, na tunakuombea afya, usingizi mzuri na maisha mema. Ile ndiyo kura yangu ya kwanza kusomwa na mtu.