Muziki Usio na Picha

Kijiwe cha nje ya kibanda cha Fundi Sindano kilikuwa kimechangamka tangu kikombe cha kwanza cha kahawa. Binti yake fundi, aliyetunga muziki wa filamu kumi na moja, leo jioni angepigiwa kazi yake na okestra nzima ukumbini, bila filamu yoyote. Sindano alishona huku meno yote nje. Kila mpita njia alikuwa ameshaambiwa.

— Bila picha? Breki, fundi baiskeli, alishika kichwa. Sasa watu watajuaje pa kuogopa?

— Niwape shule, alisema Profesa, muuza magazeti. Kwenye filamu, anayetisha si jambazi, ni muziki. Zima sauti uone: jamaa anatembea zake tu kwenda dukani.

— Acha kamba!

— Haki ya nani! Yule binti anapewa filamu kavu, haina muziki, anaitazama na saa mkononi. Mtu akifungua mlango kwa sekunde nne, anamtungia sekunde nne.

— Vipimo kavitoa kwangu! Sindano alidakia. Tangu mdogo ananishikia futi. Muziki wa filamu ni nguo, lazima imkae mwenyewe. Wa leo ni kitambaa kizima, hakijaguswa na mkasi!

— Basi paa litaruka, alisema Breki. Muziki uliobanwa miaka yote, uachiwe kwa mpigo mmoja?

— Hospitali watautumia badala ya ganzi, Profesa alimalizia. Andika maneno yangu.

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Ndipo akaja mwanamke mwenye koti jeusi mkononi.

— Shikamoo, baba. Kifungo kimekatika, na jioni napiga fidla.

— Marahaba! Kwa mwanangu?

— Kumbe ndiye wewe! Tangu Jumatatu, kila mazoezi, anakuwekea kiti mstari wa mbele. Mbona huji, baba?

Breki alimtazama Profesa. Profesa akayapanga magazeti yaliyokwisha kupangwa. Sindano akasimamisha cherehani, akapokea koti.

Sindano alizoea kusingizia kazi. Ukweli ni kwamba aliogopa, aliogopa sana, kupiga makofi kabla ya wakati wake, mwanawe akaaibika mbele za watu.

Alishona kifungo mpaka kikakaza. Kisha akauliza, taratibu:

— Mwanangu, hivi makofi yanapigwa lini?

— Nikishusha fidla, baba, we piga. Piga hata ukiwa peke yako.

Akakata uzi kwa meno, akaanza kutafuta koti lake mwenyewe.