Mshenga wa Ukoo wa Doa Akabidhi Ufunguo

Ijumaa hii, tarehe 28, mkuu wa nyumba ya panya katika kituo chetu cha utafiti anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Jina lake kamili limeandikwa kwenye cheti atakachokabidhiwa jukwaani, na nina hakika likisomwa nusu ya ukumbi watageukiana kuulizana ni nani huyo. Sisi tunamjua kwa jina la Mshenga. Kazi yake ni kuozesha panya. Humchagua bwana, akamchagua bibi, akawaweka kizimba kimoja, kisha akasubiri watoto wazaliwe awasome mmoja mmoja: rangi ya manyoya, macho, mkia, nani kafanana na nani na nani hakufanana na mtu. Ndoa alizofungisha hazina idadi, na hajaalikwa karamu hata moja.

Nimeombwa kuandika wasifu huu kwenye ratiba ya sherehe kwa sababu mimi ndiye jirani yake wa siku nyingi. Mimi ni fundi wa mashine ya mionzi, mlango wa pili kutoka kwake, na katikati yetu kuna ukuta mnene wa zege. Madume yake hupita kwangu kwanza kupata kipimo chao cha mionzi, ndipo hurudi kwake kuoa. Kwa hiyo ananiita Mpambe. Tumegombana miaka yote hiyo, na sijui nitagombana na nani kuanzia Jumatatu.

Alikuja hapa akiwa binti aliyemaliza chuo kikuu juzi tu, shahada yake ya baiolojia bado inanukia wino. Kama kila mgeni wa nyumba ile, alianza kwa kusafisha vizimba na kubadilisha maranda, yale mabaki ya mbao iliyorandwa ambayo panya hulalia. Wenzake wengi waliomba uhamisho mapema, maana harufu ya mkojo wa panya haina adabu, inakufuata hadi mezani kwako. Yeye alibaki, akasoma zaidi, akapanda cheo, akakabidhiwa ufunguo wa nyumba nzima.

Alipoolewa na fundi cherehani wa mtaa wa pili, mama mkwe alitaka kujua mke wa mwanawe anafanya kazi gani. Alipoelezwa akasema, "Haya. Sisi tunatega mitego, mkwe wangu analea." Tangu siku hiyo wamependana sana. Hata hivyo bibi huyo hajawahi kuambiwa kwamba, ili ukoo wa panya ubaki safi bila kuchanganyika, Mshenga huozesha kaka kwa dada, kizazi baada ya kizazi. Watakaokaa naye meza moja Ijumaa wailinde siri hiyo, na mtu asimsomee ratiba hii.

Wageni wanaotutembelea huuliza kwa nini panya na si mnyama mwingine. Mshenga huwajibu kwamba anataka kuona mionzi inaacha nini katika damu ya mtu, kwa watoto wake na kwa wajukuu wake, na kwamba kwa binadamu angezikwa kabla hajapata jibu. Panya humpa vitukuu kabla mwaka haujaisha. Halafu huwaongoza mpaka mlangoni, akawaomba waingie kwa sauti ya chini, maana ndani mna wazazi.

Ana huruma, na huruma yake imenitoa jasho. Kila nilipoandaa kipimo, alisimama mlangoni kwangu na swali lake moja: kwa nini? Kwa nini kipimo hiki na si pungufu yake, kwa nini panya hawa wote na si nusu yao. Nikikosa jibu, panya hawatoki. Alikuwa akisema kwamba panya akiumia bila sababu, aliyeumia ni panya na tuliopotea ni sisi. Nilimwona akizuia jaribio la bwana mkubwa mmoja kwa swali hilo hilo, na yule bwana akarudi ofisini kwake kuandika upya mpango mzima. Siku hiyo nilijivunia kuwa jirani yake, ingawa sikumwambia.

Sasa tufike kwenye ukoo wa Doa, maana huwezi kumweleza Mshenga ukauruka. Miaka mingi iliyopita alizaliwa panya mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Mshenga alimpenda, akamwoza, na watoto wakarithi doa. Walipokuja kwangu kupata kipimo kidogo ambacho panya wengine hukistahimili bila shida, wakaugua wote. Kidole cha kwanza kilielekezwa kwenye mashine yangu. Mkurugenzi wa wakati ule alitaka ifungwe, na mimi nitafutiwe shughuli nyingine. Mshenga hakunitetea hata kwa neno. Alichukua panya wa Doa na panya wa ukoo mwingine, akawaweka sanduku moja, bega kwa bega, akaniambia niwape wote kipimo kile kile. Wa ukoo mwingine walitoka wakila. Wa Doa wakaugua. Mashine ilikuwa sawa, tatizo lilikuwa kwenye damu.

Kila mwili una mafundi wake wadogo wanaoziba nyufa ambazo mionzi huzitia ndani ya seli. Katika ukoo wa Doa mafundi hao ni goigoi, na ugoigoi huo unarithiwa. Wapo watu wa namna hiyo pia, wagonjwa wa saratani ambao tiba ya mionzi huwaunguza kuliko inavyowaponya. Kwa hiyo panya wale wadogo wenye doa wakawa wa thamani kuliko mashine yangu, na hadi leo wenzetu wa idara ya dawa wanawatumia kutafuta kinga ya wagonjwa kama hao. Kazi hiyo haijakamilika. Bila Doa haitakamilika.

Shida ni kwamba Doa ni watu wa kubembelezwa. Mama wa ukoo huo akishtuka kidogo tu, anawala watoto wake. Kwa miaka yote aliyewaweza ni Mshenga peke yake. Alibisha hodi kabla ya kuingia ili wasishtuke. Aliacha redio ikiongea chinichini ili wazoee sauti za watu. Kabla ya kugusa kichanga alijisugua mikono kwa maranda ya kizimba kile kile, ili anuke kama nyumbani. Manukato hakuyajua kabisa. Hata kwenye harusi ya binti yake alihudhuria akinukia maji. Na mtu mwingine akikaribia kizimba cha Doa, alisikia neno lake lile lile, "Acha, nitafanya mwenyewe." Nampenda, lakini ukweli usemwe: alikuwa mchoyo wa kazi.

Mapema mwaka huu uchoyo huo ulitaka kutugharimu. Uongozi ulitamka kwamba, kwa kuwa hakuna mwingine anayeweza kuwazalisha, ukoo wa Doa utafungwa siku Mshenga atakapostaafu. Vituo vingine vina mitungi ya baridi kali ya kuhifadhi mbegu za panya, sisi hatuna. Ukifungwa umekwisha. Mshenga alisikiliza mpaka mwisho wa kikao, akasema kwamba yeye haondoki na harusi ya watu haijaisha. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaomba likizo, alitaka tuwazalishe bila yeye.

Wahenga walisema paka akiondoka, panya hutawala. Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Mhudumu mkuu wa vizimba, baba wa watoto wanne na mtu mwenye moyo kuliko sisi sote, aliamua kwamba Mshenga akirudi aikute nyumba inang'aa. Alinunua sabuni ya maji yenye harufu ya limau. Tukashirikiana wote, nami nikiwemo na fagio langu. Tuliosha kuta, sakafu, rafu na vizimba vyote kwa siku moja, tukamwaga maranda yote ya zamani, tukaweka mapya. Nyumba ilinukia kama hoteli. Tulipigana picha. Siku zilizofuata, mama wote wa Doa waliokuwa wakinyonyesha waliwamaliza watoto wao. Walikuwa hawajui tena wako wapi wala wale ni watoto wa nani. Ukoo ukabaki na wakubwa wachache wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na majike yenyewe yakiwa yanakaribia uzee.

Mshenga alirudi. Tulijipanga kwenye korido kama wanafunzi waliovunja dirisha. Alivuta pumzi mara moja tu mlangoni na akaelewa yote. Akauliza ni nani aliyenunua sabuni, na mhudumu wetu akainua mkono huku machozi yanamtoka. Sote tulitegemea radi. Mshenga alimshika bega akamwambia, "Umeosha vizuri kuliko mimi. Kosa ni langu. Nilikukataza mambo mengi, sikukueleza hata moja kwa nini."

Yeye, mwenye swali la kwa nini kwa kila mtu, alikuwa amesahau kulijibu kwa watu wake. Siwezi kueleza jinsi maneno yale yalivyotugusa. Mhudumu, kwa upande wake, alipata jina siku hiyo hiyo. Tangu hapo ni Bwana Sabuni, na huitika.

Kutoka siku ile tulimwona Mshenga mwingine. Alimwomba mumewe amshonee koti jipya la kazi lenye mifuko mirefu inayofika karibu na magoti, akawa anaingia nyumba ya panya mikono ikiwa ndani ya mifuko hiyo. Alifundisha kwa mdomo tu. Bwana Sabuni alipokosea, tuliiona mifuko ikitikisika, lakini mikono haikutoka. Alieleza kila kitu na sababu yake: kwa nini hodi, kwa nini redio, kwa nini sehemu ya maranda ya zamani ibaki kila unapobadilisha, kwa nini kizimba cha mzazi kisifunguliwe mpaka vichanga viote manyoya. Bwana Sabuni alisikiliza kama mtu anayesomewa hukumu yake na kuachiliwa kwake kwa pamoja. Aliwachagua mwenyewe bwana na bibi kutoka kwa wale wachache waliobaki. Mshenga aliwatazama, akasema tu kwamba posa imekubaliwa.

Halafu, bibi akiwa na mimba, Mshenga akachukua tena likizo. Wengi tulimwona kama mtu anayecheza kamari na kitu ambacho hana kingine. Nilimfuata mpaka getini kumwambia hivyo. Alinijibu kwamba mtoto anayeshikwa mkono kila siku hajifunzi kutembea, na kwamba hakuwa akiwazungumzia panya. Mumewe alituambia baadaye kwamba simu aliizima akaifukia kwenye kopo la vifungo, na kwamba wiki hizo alifagia uwanja mpaka majirani wakauliza kama kuna msiba.

Wiki iliyopita aliitwa kituoni kupigwa picha ya ratiba hii. Alikuja amependeza, gauni jipya alilolishona mumewe usiku na mchana, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue, amejipulizia manukato. Alipewa na mama mkwe kama zawadi ya kustaafu, na nani angemkatalia bibi yule. Alitusalimu wote, kisha miguu ikampeleka yenyewe kwenye nyumba ya panya. Akabisha hodi kama kawaida yake.

Bwana Sabuni akafungua mlango upana wa pua. Akanusa. Akasema kwa upole na heshima zote, "Samahani sana, Mama. Leo huingii. Unanukia."

Hakuna mtu aliyewahi kumfungia Mshenga mlango wa nyumba yake. Yeye akaanza kucheka, kicheko kile cha tumboni ambacho tulikuwa tukikisikia kupitia zege. Akasogea kwenye dirisha la kioo, akaegemeza paji la uso. Kule ndani Bwana Sabuni alijisugua mikono kwa maranda, akasubiri mama wa vichanga atulie, akainua kichanga kimoja kwenye kiganja na kukisogeza kwenye kioo. Manyoya meusi yalikuwa yameota siku hizo hizo, na katikati ya paji la uso palikuwa na doa jeupe. Mpiga picha wetu, Mungu ambariki, alikuwa amemfuata Mshenga nyuma. Picha iliyo kwenye jalada la ratiba hii ndiyo ile. Mnaouliza kwa nini mstaafu anacheka na kulia mbele ya dirisha, jibu ndilo hilo.

Vichanga vyote viko hai na mama yao ananyonyesha vizuri. Uongozi umekwenda kuwatazama, kupitia kioo, na umekubali: ukoo wa Doa unabaki, na utaongozwa na Bwana Sabuni.

Mshenga, tunakushukuru kwa kila kizimba, kila swali na kila ugomvi. Mimi binafsi nakushukuru kwa siku ile ya sanduku moja, uliponiokolea kazi yangu bila kunisifu. Nenda ukapumzike na mumeo, ukawalee wajukuu wa miguu miwili, na mikono yako sasa itoke mifukoni. Tunakutakia afya, amani na siku ndefu zenye furaha. Utakapotamani kuwaona Doa, njoo wakati wowote, mlango ni wako. Ila manukato uyaache nyumbani.