Nyota Iliyozimika Mara Mbili

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1951, kitinda mimba wa fundi saa na mshona nguo. Kaka yake, ndiye huyu anayewasomea, kila akitumwa dukani alifuatwa na dada huyo kama mkia. Akimfukuza, anamkuta amemtangulia kwa njia nyingine.

Alisoma shule ya jirani na nyumbani, kisha sekondari ya wasichana, akahitimu chuo mwaka 1974, somo la hesabu. Mwaka uliofuata aliajiriwa kituo cha darubini kule mlimani, kupima mwanga wa nyota. Hapo ndipo alipokutana na mumewe, mpimaji mwenzake. Walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1978, wakajaliwa mabinti wawili.

Kazi yake alitueleza hivi, hata sisi wa shule kidogo tukaelewa: kuna mawe makubwa yanayolizunguka Jua, yanaitwa asteroidi. Jiwe likipita mbele ya nyota, nyota inazimika kidogo. Alfajiri ya tarehe 3 Juni 1986 nyota ilizimika, ikawaka, halafu ikazimika tena, kufumba na kufumbua. Akamwita mumewe.

"Hili jiwe lina mwezi wake, kijiwe kinacholizunguka."

Mume akatazama vipimo. "Wingu hilo, mama watoto. Usijitie aibu."

Dada akamwachia vipimo. Alikuwa mumewe, angemshuku vipi?

Novemba mwaka huo huo, dada akipiga pasi shati la mume huyo huyo, redio ikamtangaza mume kuwa amegundua mwezi wa asteroidi, alfajiri ya tarehe 3 Juni. Dada alilimaliza shati, na kola pia. Mume alipoingia, akamuuliza:

"Lile wingu limegeuka mwezi lini?"

"Mke wangu, mimi na wewe si kitu kimoja?"

"Viwili. Ila kimoja kinakizunguka kingine."

Tangu hapo alimwita Bwana Wingu, hata mbele za watu. Wageni walidhani ni jina la mapenzi.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2013. Shemeji alimuuguza vizuri, hilo tusimnyime. Alimlisha kwa kijiko kwa mkono wake. Dada aliomba kitu kimoja tu: mumewe aseme ukweli hadharani. "Nitasema ukipata nafuu," akajibiwa. Nafuu haikuja. Alifariki nyumbani Jumanne asubuhi, tarehe 4 Machi 2014.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, kaka mmoja, na mwezi mdogo huko juu ambao bado haujaambiwa mwenyewe ni nani. Mabinti wameomba kwamba, baada ya wasifu huu, asiitwe msemaji mwingine ila baba yao.

Dada yetu apate pumziko la amani. Shemeji, watu ndio hawa, na leo hakuna wingu.