Filomena Shirima na Vipeperushi Vilivyokatwa Tarehe

Filomena Barnaba Shirima alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 katika kijiji cha Mamsera, Rombo, akiwa mtoto wa pili kati ya saba wa Mzee Barnaba na Mama Veneranda. Tarehe zote za wasifu huu wa marehemu nimezihakiki mara mbili. Mwenyewe angedai hivyo, na sababu yake mtaisikia.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Mamsera, akamaliza kidato cha nne mwaka 1997 akiwa na alama nzuri tu. Alitaka kuwa mfamasia. Hakuna aliyemwambia achukue masomo gani wala fomu zinapatikana wapi. Alipokuja kujua, wenzake walikuwa wameshaanza chuo. Jambo hilo lilimuuma sana, na hakulificha.

Mwezi Juni 2006 alikuja Muscat kufanya kazi za ndani mtaa wa Bawshar, nyumbani kwa Bi Ghaliya, mama wa Kiomani aliyekulia Unguja na mshauri wa wanafunzi katika shule ya sekondari. Kila mwaka Bi Ghaliya alirudi kutoka shuleni na maboksi ya vipeperushi vya vyuo, vipeperushi vilivyopitwa na wakati. "Hivi vya kutupa, Filomena, mimi nnapata vipya," alimwambia. Filomena hakutupa hata kimoja. Kila Mtanzania aliyekwenda likizo alibebeshwa fungu lake. Siku za Ijumaa, ambazo huku ni za mapumziko, baada ya misa, aliwapigia simu watoto wa wenzake mmoja mmoja. "Usiniambie unataka udaktari, mwanangu. Niambie somo unalolipenda hata mwalimu asipokuja." Evans, mmoja wa watoto hao, aliye nasi hapa, ni muuguzi leo kwa sababu ya simu hizo, na anakiri kwamba mwanzoni alikuwa hazipokei.

Mwaka 2011 alimtumia mdogo wake wa mwisho, Leodegar, ndiye mimi ninayewasomea wasifu huu, kipeperushi cha chuo cha nje chenye ufadhili. Kilikuwa cha mwaka uliotangulia. Kilisema mwisho wa maombi ni Juni 30, kumbe mwaka ule mwisho ulikuwa Mei 15. Nikakosa nafasi, nikakaa nyumbani mwaka mzima. Nilimpigia: "Dada, tarehe yako ndiyo iliyoniponza." Alilia. Tangu siku hiyo hakutoa kipeperushi bila kwanza kukata tarehe kwa mkasi na kuandika pembeni: Tarehe uliza chuoni.

Alifunga ndoa na Benedict Tarimo, fundi magari wa Wadi Kabir hapa Muscat, tarehe 26 Desemba 2009, huko Rombo. Walijaliwa mtoto mmoja, Aika. Benedict anasema hivyo vipande vya tarehe alivikuta hadi kwenye wali, akavitoa akaendelea kula, maana alijua vinatoka wapi.

Septemba 2024 aligundulika na saratani ya kongosho. Bi Ghaliya alimuuguza kama mtu wa nyumbani kwake. Mimi nilifika hospitalini alikolazwa Januari 18, 2025, na siku ya tatu nikamwambia nililolificha miaka kumi na tatu: mwalimu wetu alibandika tarehe sahihi ukutani shuleni tangu Aprili, na niliiona. Niliogopa insha ya Kiingereza, fomu sikujaza, kipeperushi chake nikakifanya kisingizio.

Nilidhani atanichukia. Badala yake alicheka mpaka muuguzi akaja mbio.

"Leodegar wewe! Miaka yote najua nimemharibia mdogo wangu maisha. Benedict, umesikia? Si mimi!"

Mchana ule alimaliza bakuli la uji, jambo ambalo halikuwa limetokea wiki nzima. Nilimuuliza kama sasa tuutupe mkasi. "Mpe Aika," alisema. "Tarehe bado zinabadilika."

Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa ametulia. Tunalia, lakini tunashukuru kwamba hakuondoka na mzigo ule.

Ameacha mume, mama yake mzazi, ndugu sita, binti yake Aika wa kidato cha pili, na maboksi manne ambayo Bi Ghaliya ameomba tuyasafirishe Rombo.

Pumzika kwa amani, dada. Kosa lilikuwa langu.